Besi Ipande au Ishuke

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Saba na sita ni kumi na tatu. Ukiandika kumi na nne unapigwa mkwaju wa wino mwekundu, basi, hakuna mjadala. Kwa hiyo mtu akitaka kusimuliwa maisha ya Yafeti Kumwenda, mwalimu wa muziki wa shule ya kanisa pale Chilambwe, amtafute mtu mwingine. Ila kila mtu huletwa kwangu. Mwalimu mwenyewe yuko hai, anakaa kwa bintiye Mzuzu, na ukimuuliza anasema, "Muulize Lameki Msowoya, yeye ndiye aliyekuwepo." Sawa, nilikuwepo. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha mwalimu mwenzake, kisha kiongozi wa besi wa kwaya yake. Lakini kuwepo ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine.

Kumwenda alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili, maana baba yake hakutaka kumwachia mtu mwingine ng'ombe wake. Akaketishwa na watoto wa miaka saba, magoti yanagusa kidevu. Walimcheka mpaka siku walipofundishwa kuimba. Siku hiyo mwalimu alimwambia asimame mbele, na hakurudi tena kukaa nyuma. Alipofika darasa la nane misheni ikampeleka chuo cha ualimu. Huko ndiko alikofundishwa muziki ule wetu wa do-re-mi unaoandikwa kwa herufi, sauti nne, kila sauti na mstari wake.

Vitabu vilikuwa shida. Chuo kizima kilikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo, na kila mwanafunzi wa muziki alipewa siku zake za kukinakili kwa mkono. Ulichonakili ndicho utakachofundisha maisha yako yote. Kumwenda alirudi Chilambwe mwaka sitini na mbili, miaka miwili kabla ya uhuru, na daftari lenye jalada jeusi, nyimbo arobaini, na uma wa chuma wa kutafutia sauti. Alirudi pia na mchumba, NyaMhone, yaani binti wa akina Mhone, mwanafunzi wa uuguzi. Walijuana hospitalini, Kumwenda alipolazwa kwa malaria wiki za mwisho za chuo.

Namna yake ya kufundisha hamtaiona popote. Hakufundisha kwaya mahali pamoja. Soprano aliwaweka kwenye ngazi za kanisa, alto nyuma ya jiko la shule, tenori kisimani, na sisi besi kwenye zizi la ng'ombe. Alipiga uma kwenye goti, akaung'ata kwa meno, akafumba macho, akatupa sauti yetu, kisha akakimbia kisimani kabla haijamtoka kichwani. Hatukuruhusiwa kusikia wenzetu mpaka kila mtu ajue lake. Wiki ya tatu ndipo anatukutanisha kanisani, na tukifungua midomo, jamani, hata mwenyewe unashangaa, kumbe ulichokuwa unakiimba zizini ni kipande tu.

Ulimi wake ulikuwa mkali. "Msowoya! Unaimba au unaita mbuzi?" Alirusha chaki, na alikuwa na shabaha. Siku moja nilimjibu, "Mwalimu, ukitufundishia zizini unategemea tuimbe kama nani?" Kwaya nzima ikacheka. Alicheka pia, kisha akanirushia chaki ya pili.

Sasa, wimbo wenyewe. Ulikuwa wa arobaini katika daftari, wa mwisho, wimbo wa maziko. Mistari yote ilikwenda kama nyimbo nyingine, ila pale mwisho kabisa sauti tatu za juu zinafika na kutulia, na besi, badala ya kushuka kwenye do na kukaa chini kama kawaida, inapanda hatua moja tu kutoka so mpaka la. Ukiimba hivyo wimbo hauishi. Unabaki umening'inia. Nilipoufundishwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba na nywele za shingo zilinisimama.

Miaka thelathini na minne tulizikia wimbo huo. Alikuwa amefundisha watoto wa mitaa yote ya parokia, nao wakafundisha kwao, kwa hiyo hakuna maziko kuanzia mtoni mpaka milimani yaliyokwisha bila ile la. Wanawake walikuwa wanajikaza vizuri tu, lakini ikifika pale wanaachia. Wachungaji walihubiri juu yake. Mchungaji Chipeta alisema wimbo haufiki kwa sababu marehemu yuko njiani bado, atafika siku ya ufufuo, na siku hiyo tutausikia umekwisha. Tuliona maneno hayo ni ya akili sana. Watu wa parokia za mbali wakija msibani walimuuliza Kumwenda wimbo huo ameupata wapi, naye alijibu, "Uko kitabuni," na ungeona kifua kinavyojaa.

Mwaka tisini na sita sinodi ikachapa kitabu kipya cha nyimbo na kumtuma mtu azunguke mashuleni kukitambulisha. Aliyetumwa ni Tawonga NyaGondwe, binti aliyekuwa alto nyuma ya jiko lile lile, sasa amesoma muziki mpaka chuo kikuu. Alishuka kwenye gari la sinodi akapiga magoti kumwamkia mwalimu wake. Tulimkaribisha kwa wimbo wa arobaini, maana ndio tulioujua kuliko yote. Tulipomaliza alikuwa amefungua kitabu chake, na uso umebadilika.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Besi pale mwisho wanaimba nini?"

"La."

"Hapa imeandikwa do."

"Basi kimekosewa."

"Nami nilidhani hivyo, Mwalimu. Nikaenda chuoni nikakiona kile cha zamani, kile mlichonakili. Ni do."

Kumwenda alikwenda ofisini akaleta daftari jeusi, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole. La. Akaweka kidole kwenye kitabu kipya. Do. Akarudia mara tatu nne, huku na huku. Mwishoni akatugeukia. "Besi, imbeni kama alivyosema."

Tukaimba, tukashuka kwenye do. Ilikaa, bwana. Ilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Hilo ndilo lililoniumiza, maana ingekuwa mbaya tungeicheka tukaenda zetu kula. NyaGondwe alikuwa karibu kulia. "Mwalimu, yenu ni nzuri zaidi," akasema. "Sikukusudia..."

"Mwanangu, mimi sikufundisha nzuri," akamjibu. "Nilifundisha iliyoandikwa."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kujiuliza. Nilimkuta kwenye zizi peke yake na ng'ombe, anaimba la, anaimba do. "Lameki, nilikosea au nilibadilisha?" akaniuliza. "Nilikuwa na homa. Nakumbuka nimelala, daftari halijaisha. Kisha nakumbuka nimeamka, limeisha. Katikati sina kitu."

"Mwalimu, ni noti moja."

"Wewe mtoto wako akikosea tarakimu moja unampa alama?"

Alinishika pabaya.

Mwezi wa sita alikwenda mbele ya kikao cha wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa karani wa kikao, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Alisimama katikati, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nimekuja kuungama."

Mzee Mkandawire, ambaye hakuna aibu ya mtu iliyompita, akasogeza kiti chake karibu. "Mwanamke?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Hapana, mzee. Nimewafundisha watu besi ya uongo miaka thelathini na minne."

Walitazamana. Wazinzi, wazee walijua wawafanye nini; walevi, walijua; aliyeoa wa pili, walijua. Hili halikuwa na mahali. Mchungaji Chipeta, ambaye nadhani alikuwa anayakumbuka mahubiri yake, alijaribu kulifunika. "Yaliyopita si ndwele, Mwalimu. Tugange yajayo."

"Mchungaji, tumezika watu mia ngapi kwa wimbo ule?"

"Hata baba yangu?" akauliza Mkandawire.

"Hata baba yako."

Mkandawire alifikiri. Alikuwa mtu mzima wa miaka sabini, lakini aliuliza kama mtoto. "Sasa, Kumwenda, baba yangu yuko wapi?"

Mzee mmoja akapendekeza Mwalimu asimamishwe meza ya Bwana miezi mitatu, mwingine akasema kwa amri ipi, wa tatu akauliza kama besi waliomfuata nao ni wakosaji, na wote wakanigeukia mimi na kalamu yangu. Wakaahirisha. Mpaka leo kitabu cha kikao kimeandikwa "itajadiliwa", na mwandiko ni wangu.

Kwa kuwa wazee hawakumhukumu, alijihukumu mwenyewe. Akachukua baiskeli, akaanza kuzunguka kijiji baada ya kijiji kwa waliofiwa, kuomba msamaha. Nilikwenda naye mara mbili tatu, maana nilikuwa namwonea huruma, na pia nilitaka kuona. NyaChirwa, mjane wa fundi seremala, alitupa togwa na karanga, akafurahi kweli kumwona. Kisha Mwalimu akamweleza.

"Ngoja," akasema NyaChirwa. "Pale mwisho, niliposhindwa kujizuia nikalia mbele ya wakwe zangu, nililia kosa?"

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja kuniambia ili nifanye nini?"

"Ili ujue," akasema Mwalimu.

"Haya, nimejua. Nirudishieni kikombe changu."

Zakeyu Moyo yeye alitaka haki. Alidai kwaya ije iimbe vilivyo kwenye kaburi la mama yake. Tukaenda watu kumi na wawili, ukungu wa mwezi wa saba unatulowesha, tukaimba kwa do, safi kabisa. Moyo alisikiliza, kofia mkononi. "Sasa mama amekufa mara mbili," akasema, akaingia nyumbani kwake hapo jirani akafunga mlango.

Mazoezini mambo yalikuwa vurugu. Mwalimu aliamuru do, sisi tukakubali kwa midomo, lakini ikifika pale koo lenyewe linapanda. Chaki zilituishia. Watu wakaanza kumnong'ona. Wengine walisema uzee, wengine walisema anataka sifa, wengine walisema tangu lini mtu akatubu noti. Mimi nilimwambia wazi, "Utakufa barabarani kwa baiskeli hiyo kwa ajili ya herufi moja." Akaniambia, "Lameki, mimi sina shamba kubwa, sina ng'ombe, sina nyumba ya bati. Nina wimbo ambao watu walikuwa wanaujua. Kama ni kosa, basi nilikuwa nafanya nini hapa?"

Jumapili moja ya mwezi wa kumi nilikula kwao baada ya ibada. NyaMhone alikuwa ameandaa nsima, ugali wetu, na maharage, na mboga ya majani ya maboga kwa karanga. Hakuwa na nguvu siku hizo, moyo ulikuwa unamsumbua, alikaa kila baada ya kazi ndogo. Mwalimu alikuwa na karatasi ya vijiji vilivyobaki.

"Yafeti, kesho usiende," akasema NyaMhone.

"Nina vijiji kumi na kimoja."

"Hivyo vijiji ni vyangu."

Mwalimu aliinua kichwa. Mimi nikaendelea kutafuna, nikidhani ni utani wa mke na mume.

"Kule hospitalini ulikuwa unaweweseka," akasema yule mama. "Unawaita ng'ombe wa baba yako kwa majina. Kitabu kilitakiwa kurudi chuoni asubuhi, na nyimbo sita hazijanakiliwa. Nikachukua daftari kitandani kwako nikazimalizia, nikiiga mwandiko wako. Mimi."

"Nilimaliza mwenyewe."

"Kwa mkono upi? Kikombe cha maji nilikuwa nakushikia."

"Kwa hiyo ulikosea wewe."

"Sijui."

"Hujui vipi, NyaMhone? Mtu hajui alichoandika?"

"Nilikuwa naimba moyoni huku naandika. Ulikuwa unapumua vibaya, daktari alishasema tukuombee. Nikafika mstari wa mwisho, wa besi. Kengele ya chakula ikalia. Labda nilikosea. Labda sikutaka uishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Yafeti, na nilikuwa na njaa."

Nilitamani ardhi inimeze mimi na sahani yangu. Mwalimu alikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja.

"Miaka thelathini na minne," akasema. "Nasifiwa, unanyamaza. Naaibika, unanyamaza."

"Ulipokuwa unasifiwa ningekuharibia. Ulipoaibika niliogopa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mwalimu. Ni neno baya kumwambia mke mbele ya mgeni. NyaMhone alikusanya sahani, na yangu ilikuwa bado ina chakula, lakini sikuthubutu kusema.

Vijijini hakwenda tena. Kwa watu alieleza kwamba baiskeli imeharibika, na mimi aliniapisha nisiseme kitu. Kwa mkewe akawa mpole, upole wa kutisha, wa mtu na mgeni wake. "Ahsante kwa chakula." "Ahsante kwa maji ya kuoga." Nilimwuliza kama amemsamehe. Akasema, "Nimsamehe nini, hata yeye hajui alifanya nini." Nikamwuliza kama basi hana kinyongo. Akasema, "Nani amesema?" Nilitoka pale kichwa kinaniuma. Lakini mazoezini aliendelea kukaza do, tena kuliko mwanzo, na kufikia Krismasi tulikuwa tumenyooka. Hata tenori wa kisimani walikiri kwamba sasa wimbo unakwisha.

NyaMhone alifariki mwezi wa pili, wakati wa mvua, asubuhi, akiwa anapembua maharage. Mwalimu alikuwa darasani. Nilimwita mimi, na alitoka na chaki mkononi, akatembea nayo mpaka nyumbani.

Kesho yake mchana kaburini watu walijaa mpaka shambani kwa watu. Umoja wa akina mama walikuja na sare zao, NyaGondwe alitoka Mzuzu akavua viatu akaingia kwenye alto. Kabla hatujaanza nilimwendea Mwalimu, maana mimi ndiye besi, na kila mtu alikuwa ananitazama. Walichojua wao ni kwamba mwalimu ana wimbo wake na kitabu kina wake. Tuliojua ule wimbo ni wa nani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

"Mwalimu, leo tuimbe upi?"

"Wa kitabu," akasema. "Kwani kuna mwingine?"

"Mwalimu..."

"Wa kitabu, Lameki."

Akapiga uma gotini, akaung'ata, akafumba macho, akainua mikono. Tukaimba. Sijawahi kusikia kwaya yetu ikiimba vile, kila neno mahali pake, na pale mwisho tukashuka wote kwenye do kama tulivyofundishwa. Wimbo ukaisha. Mchungaji akafungua Biblia.

Mikono ya Mwalimu haikushuka. Ilibaki juu, macho yamefumbwa, kama mtu anayesubiri kitu kilichochelewa. Tukasubiri naye. Mvua ndogo ikaanza.

"Rudieni," akasema.

Tukarudia. Tukashuka kwenye do, sawasawa. Mikono iko juu vile vile. Mchungaji alikohoa. Akina mama wakaanza kunong'onezana, na bintiye akaita, "Baba," kwa sauti ndogo.

"Rudieni."

Hapo nilikasirika. Haki ya Mungu, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kututesa mwaka mzima, nikamkasirikia NyaMhone kwa kunyamaza, nikajikasirikia mimi niliyekaa mezani siku ile na sahani yangu nisiseme hata neno moja la kuwasaidia. Tulipofika mstari wa mwisho sikujua nitafanya nini. Nasema kweli, sikujua. Ikafika so, na koo langu likapanda. La. Kwa nguvu zote. Besi wengine wanane wakanifuata kama ng'ombe wanaotoka zizini, na wimbo ukabaki juu umening'inia, haufiki, na umati mzima, pamoja na wale waliosema hawataki kuusikia tena, ukaachia kilio.

Mwalimu alifumbua macho akanitazama. Nilijikunja nikisubiri chaki. Mikono ikashuka, mmoja, kisha wa pili.

"Msowoya," akasema, "umekosea."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akawageukia wachimba kaburi. "Haya," akasema, "fukieni."